Kulinda sehemu ya kihistoria ndani ya bustani ya mji: tuombe bustani nzima, kona tu, au mamlaka maalumu?

Mwana_wa_Stesheni (mwenye mada)

Wanajamvi, salamu. Naleta hapa jambo lililotugawa sisi wenyewe, kabla halijatugombanisha kabisa.

Mji wetu uko Bonde la Ufa, ni wa wale waliozaliwa na reli. Jina naliacha kwa sasa kwa sababu barua bado ziko mezani kwa watu. Katikati kuna bustani ya umma, ekari kumi na mbili hivi. Upande wa juu kuna kibanda cha bendi cha enzi za mkoloni, mnara mdogo wa kumbukumbu, na mti wa mgumo ambao wazee hawakubali hata tawi lake likatwe. Upande wa chini ni nyasi, bembea za watoto, wauza mahindi na wapiga picha. Juzi pembeni kukaota ua wa mabati, ndani yake watu wanaosha magari. Ukiuliza nani aliwaruhusu, kila mtu anamwonyesha mwenzake.

Tuko watu kumi na mmoja tunaotaka ulinzi wa kisheria. Wengine wanasema tuombe bustani nzima itangazwe turathi ya taifa. Wengine, nami nikiwemo, tunaona tuchore mstari kuzunguka ule upande wa juu tu, ndio wenye historia. Mmoja anasisitiza sheria ndogo ya kaunti itatosha, maana bustani ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa katiba. Mliopitia haya, ipi imefanya kazi kweli?

Kima_wa_Parklands

Chukueni nzima. Nasema hivyo kwa sababu ya City Park ya Nairobi, niliyokua nikiruka ukuta kuingia.

City Park ilikuwa na takriban hekta 90 ilipoanza. Leo zimebaki kama 60. Hizo nyingine hazikuchukuliwa kwa siku moja, zilimegwa, kiwanja hapa, barabara pale. Mwaka 2009 ikatangazwa kulindwa chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, na tangu hapo wanaoipigania wana karatasi ya kushika mkononi wakienda mahakamani au kwa wakubwa. Zamani walikuwa na kelele tu.

Sasa fikirieni tungefuata hoja ya "kona tu". Historia ya City Park iko wapi hasa? Kuna kaburi la Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mpigania uhuru aliyeuawa Februari 1965. Kuna kaburi la Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, ambaye alitaka azikwe karibu na rafiki yake huyo. Kuna kibanda cha bendi kama chenu. Ungechora duara tatu ndogo, na msitu ulio katikati ungebaki "ardhi tupu" machoni pa mwenye hela. Lakini ule msitu ni kipande cha Nairobi kabla haijawa Nairobi. Kima wamo humo mpaka leo, na ukikaa na ndizi mkononi utajuta.

Tingatinga_Halisomi

Kima, hongera kwa karatasi. Tingatinga halisomi gazeti la serikali.

Kima_wa_Parklands

Halisomi, lakini jaji anasoma. Soma jina lako upya.

Bi_Shangani

Assalaam alaykum wanangu. Mimi ni wa Unguja, nimezaliwa hatua chache kutoka Forodhani, basi nitasema ninalolijua.

Kwetu hatukulinda bustani wala kona. Ulilindwa mji mzima, bustani ikiwa ndani yake. Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, sheria yake ikaja 1994, na mwaka 2000 UNESCO wakautia mji katika urithi wa dunia. Faida yake ni kwamba kuna ofisi, kuna mtu unamwendea. Ukitaka kubadilisha mlango wa nyumba yako mwenyewe lazima uombe ruhusa, na watu hulalama, lakini milango ipo.

Bustani yenyewe ya Forodhani ilitengenezwa miaka ya 1930, enzi za Sultani Khalifa, wazee wakiiita Jubilee. Ilikuwa imechakaa, ukuta wa bahari unaliwa na maji. Wakfu wa Aga Khan wakaifanyia kazi kubwa ikafunguliwa tena 2009. Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize. Zile meza za mishkaki, urojo na pweza, moshi wote ule wa jioni, kuna waliotaka uondoke ili bustani ipendeze. Ungeondoka, wallahi, tungebaki na maua na watalii wawili. Wachuuzi walirudi, wakapangiwa sehemu yao. Nyinyi huko mwanzoni mmewataja wauza mahindi kama vile ni upande mwingine wa historia. Hao wamekuwa hapo miaka mingapi?

Na msidanganywe na cheo. Ukisimama Forodhani unaitazama Beit al Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883. Limo katika urithi wa dunia, halina jirani asiyelijua. Desemba 25, 2020 sehemu yake iliporomoka ikaua watu. Hakuna aliyelibomoa. Sheria ilikataza mtu kulivunja, haikulishika lisianguke. Kwa hiyo swali langu kwenu: hilo paa la kibanda cha bendi, nani atalipia misumari?

Mwana_wa_Stesheni

Bi Shangani, shikamoo. Swali la misumari limetuuma. Jibu ni kwamba hatujui. Na kuhusu wauza mahindi, mmoja wao ana miaka ishirini na tisa pale. Nimeenda kumuuliza leo baada ya kusoma ujumbe wako.

Bi_Shangani

Marahaba. Umefanya vyema. Mtieni kwenye kamati.

Mpima_Mstaafu

Nimekaa kimya kwa sababu mnajadili jina la mtoto kabla ya kujua kama mimba ipo.

Nimepima ardhi miaka thelathini na minne. Nawauliza: bustani yenu ina ramani ya upimaji? Ina hatimiliki? Kwa jina la nani? Maana kifungu cha 25 cha hiyo Sheria ya 2006 kinampa waziri, baada ya kushauriana na Makavazi ya Taifa, uwezo wa kutangaza mahali au jengo lenye maana ya kihistoria pamoja na eneo *mahususi* la ardhi iliyo chini yake au kulizunguka. Eneo mahususi. Tangazo linalosema "bustani ya mji" bila vipimo ni mwaliko kwa wakili wa mwenye kuosha magari.

Nitawapa picha. Niliwahi kuitwa kutazama bustani moja, wapi sisemi. Ramani ilikuwa na nguzo tisa za mpaka. Tukazikuta sita. Moja tuliikuta mita kumi na nne ndani ya bustani, imesimama wima, saruji yake safi, na udongo pembeni bado laini kama wa shamba la viazi. Nguzo ya mwaka 1950 na kitu haina udongo laini. Nikachimba pale ilipopaswa kuwa, sentimita arobaini chini nikagusa kitako cha ile ya zamani, kimevunjwa kwa nyundo. Mtu alikuwa amehamisha bustani ya mji usiku mmoja na kijana wa toroli. Na mchana kulikuwa na bango kubwa: "Eneo hili limehifadhiwa".

Kwa hiyo nzima au kona, kwangu ni swali la pili. La kwanza ni nguzo. Hata hivyo mkinibana nitasema nzima, kwa sababu moja ya kifundi: mpaka wa bustani nzima tayari upo kwenye ramani mahali fulani. Mpaka wa "upande wenye historia" itabidi mubuni, na kila atakayepoteza hatua mbili atawapinga.

Tingatinga_Halisomi

Mzee, kwa hilo nimevua kofia.

Shangazi_wa_Jersey

Naishi New Jersey, kazi yangu iko ng'ambo ya mto, New York, na chakula cha mchana mara nyingi nakilia Central Park. Huku wana ngazi mbili ambazo watu huzichanganya. Central Park ilipewa hadhi ya kitaifa ya kihistoria mwaka 1963, jambo la fahari, lakini hadhi hiyo inaibana zaidi serikali kuu na miradi yake. Ulinzi wa karibu ulikuja 1974, tume ya mji wenyewe ilipoitangaza kuwa mandhari ya kihistoria, ndipo mipango ya mabadiliko ikawa inapita mbele ya tume hiyo. Kwa hiyo yule mwenzenu wa sheria ndogo ya kaunti msimcheke. Taifa liko mbali, kaunti ndiyo inayotoa leseni ya kuosha magari. Ombeni vyote viwili.

La pili ni kuhusu nini mnaita historia. Upande wa magharibi wa Central Park palikuwa na kijiji, Seneca Village, watu zaidi ya 200, wengi wao Weusi, baadhi wakimiliki viwanja vyao, wana makanisa na shule. Mwaka 1857 kikafutwa ili bustani ijengwe. Zaidi ya miaka mia bustani ilitunzwa vizuri sana, na kijiji hakikutajwa. Kibanda chenu cha bendi kilipigiwa muziki na nani, akisikiliza nani? Na kabla ya bustani hapo paliishi nani?

Mwana_wa_Stesheni

Shangazi, Waafrika hawakuruhusiwa kukaa karibu na kibanda, wazee wanasema walisikilizia ng'ambo ya ua. Na mgumo una umri kuliko vyote hivyo. Sasa naona ule mstari wangu wa "upande wa juu" ulikuwa unafuata ua wa mkoloni bila mimi kujua.

Ilala_Mpaka_Posta

Kutoka Dar, kwa ufupi. Kwetu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu miaka ya 1860 hiyohiyo, kwa hiyo karibu kila kitu mjini ni "kipya" mpaka waziri akitangaze. Bustani ya mimea ya Wajerumani ya 1893 nayo ni mtoto. Nyie Kenya sheria yenu haiangalii umri wa jengo, mna bahati, itumieni.

Kona_ya_Jeevanjee

Hakuna aliyeitaja bustani ya Jeevanjee? A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi ile bustani mwaka 1906. Mwaka 1991 pakaja mpango wa kujenga jumba na maegesho, wakasimama Wangari Maathai na mjukuu wa Jeevanjee mwenyewe, Zarina Patel, mpango ukafa. Hakuna sanamu iliyoiokoa. Sanamu ya Malkia Victoria iliyokuwa mle ilivunjwa kichwa 2015, na mabishano ya Bunge la Mwananchi, wananchi wanaokutana mle kujadili siasa, hayakukosa hata adhuhuri moja kwa ajili hiyo.

Na Uhuru Park vilevile. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipokaa Freedom Corner, kona ya bustani hiyo, bila kula, palikuwa nyasi tu. Polisi wakawapiga, wengine wakavua nguo kuwalaani. Kabla ya siku hiyo, nani angechora mpaka wa kihistoria pale? Mimi niko na Kima: nzima, pamoja na bembea.

Mwana_wa_Stesheni

Basi nimeshindwa na nimekubali. Barua ya kwanza tunaiandikia ofisi ya upimaji ya kaunti, tupate nakala ya ramani. Ombi la bustani nzima kwa Makavazi baadaye, la sheria ndogo pamoja nalo. Muuza mahindi amekubali kuingia kamati, sharti lake mikutano isiwe Jumamosi, ndiyo siku ya biashara.

Mpima_Mstaafu, mzee wangu, unaweza kuja? Nauli tutachanga.

Mpima_Mstaafu

Jumapili baada ya ibada. Leteni jembe, utepe wa mita hamsini, na mtu mmoja mwenye umri wa kukumbuka ua wa zamani ulipita wapi. Ramani bila mzee hunipotezea siku nzima.

Kima_wa_Parklands

Na mvua ikinyesha?

Mpima_Mstaafu

Ndiyo vizuri. Udongo uliochimbwa juzi hutitia. Vaeni gambuti.