Ninunue Lost au Battlestar Galactica? Naogopa mwisho

Kiti_cha_Nyuma:
Habari wakuu. Nina pesa ya seti moja tu ya diski za tamthilia, nimebaki na hizo mbili. Zote nasikia zinasifiwa hadi episodi ya mwisho, hapo watu wanagawanyika: huyu analia, yule anatukana. Ipi mwisho wake unavumilika? Tafadhali msinimwagie mambo ya mwisho kabla sijatazama. Mwenye duka ananiwekea hadi Ijumaa.

Rubani_Mstaafu:
Galactica ipi, ya 1978 au ya 2004? Unatazama peke yako au na nani? Umeshawahi kumaliza tamthilia ndefu ya anga? Unaagiza kiatu bila kutaja namba ya mguu.

Daftari_la_Nyota:
Ya 1978 isikutishe, ilikatwa baada ya msimu mmoja. Ya 2004 ina misimu minne, na kabla yake kuna utangulizi wa 2003, mrefu kama filamu. Hakikisha umo kwenye boksi, la sivyo utakuwa umeingia katikati ya ugomvi wa watu usiowajua. Mimi ningechukua hiyo. Wanakuonyesha idadi ya binadamu waliobaki, kama elfu hamsini hivi, na kila ukigeuka imepungua. Mwisho wake niliupenda pia.

Mama_Sayari:
Uliupenda?! Watu wamehangaika misimu minne kutafuta pa kuishi, wakifika wanazituma meli zote ziungue kwenye jua, waanze kulima kwa mikono! Wagonjwa waliulizwa? Wajawazito je? Na Starbuck, yule rubani, unageuza shingo tu, hayupo. Hatuelezwi chochote.

Rubani_Mstaafu:
Mama, jamaa ameomba asimwagiwe.

Mama_Sayari:
Ilionyeshwa Machi 2009. Aliyezaliwa siku ile ameshaota ndevu.

Kiti_cha_Nyuma:
Simjui huyo Starbuck, kwa hiyo bado nina usalama kidogo. Endeleeni polepole.

Mzee_wa_Kisiwa:
Chukua Lost. Na kabla hajaja mtu kukwambia "walikufa wote tangu ndege ianguke", huo ni uzushi uliozagaa tangu 2010. Kwenye episodi ya mwisho Jack, mhusika mkuu, anaambiwa na baba yake, kinywa kwa sikio, kwamba yaliyompata yalikuwa ya kweli. Kilichowachanganya watu ni zile picha za mabaki ya ndege ufukweni wakati majina yanapita. Ziliwekwa na kituo cha ABC, si waandishi. Watu wakaona mabaki, hakuna mtu, wakatoa hukumu.

Rubani_Mstaafu:
Na wewe tena!

Mzee_wa_Kisiwa:
Sijamwaga, nimefuta kilichomwagwa.

Kidole_Gumba:
Mimi niseme habari ya diski zenyewe. Galactica niliinunua mtumba, boksi safi. Tukawa tunatazama na mke wangu, episodi mbili kila usiku watoto wakishalala. Tukafika diski ya mwisho kabisa. Naiweka, inatoka episodi tuliyoiona msimu wa tatu. Naitoa, nasoma lebo: sahihi. Ndani, mambo mengine. Aliyeniuzia hakupokea simu tena. Tulikaa miezi miwili tukitafuta nyingine, na katika miezi hiyo mke wangu akatunga mwisho wake, mimi nikatunga wangu. Wangu ulijaa mapigano. Wake, watu wote wanashuka kwenye sayari, kamanda Adama anabaki juu na meli yake, maana ameshasahau kuishi ardhini. Tulibishana hadi wakati wa kula, utadhani ni watu wa ukoo wetu. Diski ikapatikana. Tukatazama kimya mpaka wale wawili wanatembea New York na vile viroboti vinacheza. Mke wangu akazima taa, akasema, "Wangu ulikuwa mzuri zaidi," akalala. Na kweli ulikuwa. Kwa hiyo jaribu diski ya mwisho hapo hapo dukani, hata kwa sekunde kumi, ukiwa umefumba macho.

Kituo_cha_Tano:
Wote mmepotea. Chukua tamthilia ya Babylon 5. Straczynski, mtunzi wake, aliandika mwenyewe episodi 92 kati ya 110, alijua anakwenda wapi. Ile ya mwisho walishairekodi kwenye msimu wa nne, wakihofia kukatwa. Walipopewa msimu wa tano wakaihifadhi, ikaonyeshwa 1998.

Mama_Sayari:
Na kwa sababu hadithi waliibana ikaishia msimu wa nne, wa tano ukaanza kwa kujikokota. Hilo mbona unalipita mbio?

Kituo_cha_Tano:
Nalipita kwa sababu nusu yake ya pili inalipa deni.

Kiti_cha_Nyuma:
Jamani, nilisahau kusema. Natazama na baba. Masikio yake yamechoka, lazima kuwe na maandishi chini ya skrini. Halafu hataki kabisa mambo ya dini kwenye hadithi za anga.

Mama_Sayari:
Hataki dini! Hilo ndilo unalisema sasa?

Rubani_Mstaafu:
Basi zote mbili zimeanguka.

Mzee_wa_Kisiwa:
Lost inaishia kanisani, ndiyo, lakini kioo cha dirisha kina alama za dini mbalimbali. Mwambie baba ni ukumbi.

Daftari_la_Nyota:
Galactica imejaa miungu tangu mwanzo. Afadhali hiyo, haitamvizia mwishoni. Na wanaoshangaa Starbuck kutoweka walikuwa wanatazama nini muda wote huo?

Mama_Sayari:
Tulikuwa tunasubiri maelezo, Daftari. Hadi leo.

Kiti_cha_Nyuma:
Nimepiga simu dukani. Galactica ina maandishi. Ya Lost, mwenye duka anasema nyuma ya boksi kumeandikwa vidogo mno, haoni. Kesho naenda na miwani ya baba.

Kidole_Gumba:
Na diski ya mwisho, ndugu yangu. Usisahau.