Kukamatwa Kenya: saa 24 zinahesabiwaje, na mtu asaini nini kituoni?

Mdadisi: Wadau, habarini. Tunaambiwa polisi hawaruhusiwi kumshikilia mtu zaidi ya saa 24. Mbona basi aliyekamatwa Alhamisi anafikishwa kortini Jumatatu? Na akiambiwa aandikishe taarifa kabla wakili hajafika, akubali?

Wakili wa Zamu: Saa zinaanza pale anapokamatwa, si pale jina linapoingia kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, zisipite saa 24. Ila zikiisha korti ikiwa imefungwa, au siku isiyo ya korti, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata.

Hapo ndipo watu wanaumia. Aliyekamatwa Alhamisi saa tisa alasiri anapaswa kuwa mbele ya hakimu kufikia Ijumaa saa tisa. OB ikiandikwa saa mbili usiku, saa 24 zinaonekana kuisha Ijumaa usiku, na mtu analala seli hadi Jumatatu. Kwa hiyo jamaa waandike mara moja: saa aliyokamatwa, mahali, nani walishuhudia. Kisha waulize kituoni nambari ya OB na saa iliyoandikwa. Zikitofautiana, wakili ana hoja ya kupeleka kwa hakimu.

Polisi wakitaka kuendelea kumshikilia bila mashtaka, ni lazima waombe korti na watoe sababu.

Bi. Sheria: Kuhusu taarifa, halazimiki kuandika lolote. Polisi wanapaswa kumwambia, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa na kwamba ana haki ya kunyamaza. Atoe jina na makazi yake halisi, maana bila hayo dhamana huwa ngumu. Mengine aseme tu, "Nitaongea wakili wangu akiwepo," na ashikilie hapo hapo. Wengi hukataa kuandika, halafu wanapiga gumzo na mpelelezi kwenye benchi, na gumzo hilo linampa njia nzima ya upelelezi.

Kukiri kosa kuna masharti yake: kuwe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiyekuwa mpelelezi wa kesi hiyo, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Akiamua kuandikisha, asome kila ukurasa au asomewe, apige mstari kwenye nafasi zilizobaki wazi, na asisaini karatasi tupu hata akiahidiwa kuachiliwa.

Mdadisi: Asante sana. Na wakidai pesa ya bondi?

Wakili wa Zamu: Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi kwamba mtu atafika anapohitajika, hailipiwi. Kinacholipwa ni dhamana ya pesa taslimu, na lazima itolewe risiti yenye jina, kiasi na tarehe. Itunzeni vizuri: bila risiti, kurudishiwa pesa hizo ni taabu. Kwa mauaji, uhaini na wizi wa mabavu, msihangaike na kituo. Dhamana huombwa kortini.

Bi. Sheria: Niongeze moja. Akiwa amepigwa, amwambie hakimu siku ya kwanza, kabla ya kujibu mashtaka, aonyeshe majeraha na aombe iandikwe kwenye rekodi pamoja na amri ya kupelekwa hospitali. Fomu ya P3, ambayo daktari huandika majeraha, ijazwe alama zikiwa bado zinaonekana, kisha malalamiko yapelekwe IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi.