Nyie mnaoshangilia nchi kusimamisha chanjo ya polio, hivi mnashangilia nini hasa?

Wakuu nimekereka, na leo siongei kwa upole.

Kuna voisi noti inazunguka kwenye magrupu ya wasap hapa Dar, la kikoba, la mtaa, la wazazi wa shule, kote nimeikuta. Jamaa anaongea kwa kujiamini kabisa kwamba Afghanistan walisimamisha chanjo ya polio mwaka 2024, kwamba ule ndio uongozi wenye msimamo, kwamba sisi Afrika tumelala tunapokea kila kitu na matone yenyewe yanafunga kizazi. Chini yake makofi, emoji za moto, "umeongea baba", "serikali yetu ijifunze". Na wanaoandika hivyo ni wazazi, wengine wana watoto wachanga ndani ya nyumba.

Haya, tuongee sasa hicho mnachokipigia makofi. Ni kweli, Septemba 2024 Taliban walisimamisha kampeni, Umoja wa Mataifa wakalitangaza. Baadaye chanjo ikarudi lakini sio ile ya nyumba kwa nyumba, watu wanaambiwa wapeleke watoto msikitini au kituoni. Sasa mwenye kujua maisha ya mama mwenye kichanga anaelewa hapo watoto gani wanaachwa: yule wa siku chache, yule anayeumwa, yule ambaye mama yake hana ruhusa wala nauli ya kutoka. Mwaka 2023 Afghanistan walikuwa na wagonjwa 6 wa polio ya asili, yaani ya kirusi chenyewe, sio kile kinachotokana na chanjo. 2024 wakafika 25. Jirani yao Pakistan, ambao wanapakana na watu wanavuka kila siku, walitoka 6 wakaenda 74. Sisemi kusimamisha peke yake ndiko kulikoleta namba zote hizo, maana nyumba kwa nyumba ilishakuwa na vikwazo maeneo mengi hata kabla, lakini ndio njia hiyohiyo mnayotaka tuifuate. Hao ni watoto waliopooza. Polio haina dawa, mguu ukishapooza kwa polio hakuna hospitali ya India wala Muhimbili itakayourudisha ulivyokuwa.

Na hao ni wanaoonekana tu. Kwenye kila watu 200 wanaopata kirusi ni kama mmoja ndiye anapooza, wengi waliobaki hawana dalili yoyote au wanapata homa ya kawaida wanapona, huku wanakitoa kwa choo na kukisambaza. Kwa hiyo ukiona mtoto mmoja amelemaa jua kirusi kimeshatembea mtaa mzima.

Mtu atasema hayo ni ya Afghanistan, sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana! Agosti 2020 Afrika ilitangazwa haina tena polio ya asili, tukashangilia. Februari 2022 Malawi wanatangaza mtoto wa miaka mitatu pale Lilongwe kapooza, wakapima kirusi, asili yake Pakistan. PAKISTAN, wakuu. Kikaingia Msumbiji, mkoa wa Tete, watoto 8 wakapata mwaka huohuo. Sisi tukaanza chanjo ya dharura Machi kwenye mikoa ya mpakani, Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, halafu Mei ikawa nchi nzima. Wale akina dada waliopita na vibegi vya barafu wakigonga mageti huku kwetu, wakimwekea mtoto alama ya wino kidoleni, nyie mkiwafungulia mbwa, walikuwa wanakimbizana na kitu kilichoanzia Pakistan, jirani wa hao ambao leo mnasema waacheni na mambo yao.

Halafu hili limeshatokea Afrika, sio hadithi mpya. Kano, Nigeria, 2003, serikali ya jimbo ilisimamisha chanjo ya polio kwa maneno yaleyale neno kwa neno, kwamba inafunga kizazi, kwamba ina ukimwi. Ilichukua karibu mwaka mzima mpaka waanze tena 2004, na walikubali baada ya kupata chanjo kutoka Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Lakini muda huo kirusi kilishaondoka. Kikaenda nchi jirani, kikafika Sudan, kikavuka bahari hadi Yemen ambako watoto zaidi ya 400 walipooza, na mwaka 2005 kikatua Indonesia. Indonesia hiyohiyo iliyowatengenezea chanjo! Walikaa miaka kumi hivi bila polio, wakapata watoto takriban 300. Mzazi wa kule kijijini Java hakuwahi kuisikia Kano maishani mwake, ila mtoto wake analipa uamuzi uliofanywa Kano.

Na msije na udini hapa. Kenya mwaka 2015 maaskofu Wakatoliki ndio waliowaambia watu wasusie kampeni ya polio mpaka chanjo ipimwe. Ujinga huu hauna dini.

Sasa kuna watu wana hasira zenye msingi, hao nawaheshimu na nataka niwajibu vizuri. Ni kweli Wamarekani kupitia CIA walitumia kampeni ya uongo ya chanjo ya homa ya ini pale Abbottabad kumtafuta Osama mwaka 2011, jambo la hovyo kabisa, na mpaka leo wachanjaji wa polio Pakistan wanapigwa risasi kwa kuitwa majasusi. Ni kweli Kano 1996 kampuni kubwa ya dawa ilifanya majaribio kwa watoto wenye homa ya uti wa mgongo na watoto wakafa, watu wa Kano walikuwa hawajasahau. Sawa. Waliofanya hayo wabanwe, walipe, washtakiwe. Lakini nielezeni, mtoto aliyezaliwa jana hospitali ya Amana kamkosea nini CIA mpaka mguu wake ndio utumike kulipiza?

Wengine mnasema chanjo yenyewe ndiyo inaleta polio, mnaleta habari ya yule mtoto aliyepooza Rukwa 2023. Hapa ndipo nachoka kabisa, maana mnachukua nusu ya jambo. Ndiyo, matone yana kirusi kilichodhoofishwa, na kikizunguka muda mrefu kwenye jamii yenye watoto wengi wasiochanjwa kinaweza kubadilika kikapata nguvu ya kupoozesha. Hicho ndicho kilichopatikana Rukwa, na Gaza 2024 vilevile, vita vilipovuruga chanjo za kawaida. Soma tena, WATOTO WENGI WASIOCHANJWA. Palipochanjwa vizuri kinakosa pa kuzungukia. Nyie mnasema tuache chanjo ili kuzuia kitu kinachotokana na watu kuacha chanjo, yani mnazima moto kwa petroli.

Nina mjomba wangu, wa Temeke, alipata polio miaka ya sabini akiwa mdogo. Akitembea anabonyeza goti kwa mkono kila hatua ili mguu usikunjike. Ni fundi nguo, ila cherehani ya kukanyaga haiwezi, anazungusha ya mkono, kwa hiyo kazi ambayo mwenzake anamaliza mchana yeye anamaliza usiku na bei ni ileile. Daladala za asubuhi hazimsubiri, konda anamwambia "mzee panda ya nyuma". Sasa uzeeni mguu uliokuwa mzima nao umeanza kuchoka kwa kubeba kazi ya miwili. Mkimwona mnatoa mia tano mnaona mmetenda wema. Akina mjomba walikuwa wengi sana mitaani, na nyie vijana wa voisi noti hamuwaoni watoto wa hivyo kwa sababu mama zenu walipanga foleni kliniki wakawafungua midomo mkapewa matone. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili hapa Tanzania ilikuwa 1996. Mmekua kwenye usalama huo, halafu mnaupiga vita kwa bando la elfu moja.

Na Dar hii ndio ya kuchezea kirusi cha choo? Mvua zikianza si tunawajua wanaofungulia vyoo mvua ichukue? Vingunguti, Buguruni, Jangwani, mto Msimbazi ukijaa watoto wanaoga humohumo, visima vya maji ya kupikia vipo hatua chache kutoka shimo. Polio ikiingia hapa kwa kundi la watoto wasio na chanjo haitauliza nani aliweka emoji ya moto.

Wizara nao wana lawama yao. Uzushi unazunguka kwa Kiswahili kitamu cha dakika nne, majibu yanakuja kwenye barua ya pidiefu yenye mhuri, "wananchi wapuuze". Nani anapuuza kitu kinachomtisha kuhusu mtoto wake? Leteni nesi wa zahanati ya mtaa, anayejulikana, aongee voisi noti ya dakika nne naye, aseme matone yana nini, kwa nini yanarudiwa, kwa nini kampeni inampa hata mtoto aliyekamilisha kadi. Mbona rahisi hivyo?

Kwa wazazi ambao mlishaogopa mkaruka dozi, mtoto chini ya miaka mitano hajachelewa, chukua kadi ya kliniki nenda zahanati ya karibu waangalie kilichobaki: matone ya kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14 na ile sindano. Hailipiwi. Kama umepoteza kadi nenda hivyohivyo.

Wahudumu wa afya mliomo humu naomba mjibu maswali ya watu hapa chini bila matusi. Na wewe uliyerekodi ile voisi noti, najua itakufikia hii, njoo utuambie kadi za watoto wako wewe mwenyewe zikoje.