Wauza dawa za asili Arusha na Moshi, acheni kutuuzia unga! Tuuzieni gome tulione

Wakuu, leo sipambi maneno. Pita kwa wauza dawa za asili, Arusha mjini au Moshi, meza nzima siku hizi ni vifuko vya unga. Unga wa kahawia, pembeni unga wa kahawia zaidi, na kikaratasi: "tezi dume, presha, sukari, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume." Kijiko kimoja cha chai kutwa mara tatu, kwa zote! Nani kawaambia magome yote yana kipimo kimoja?

Gome zima halifichi kitu. Osokonoi, gome la mti linalowasha kama pilipili, tafuna kipande cha ukubwa wa kucha: unaanza uchungu, kisha muwasho unapanda taratibu mpaka kooni. Kisipowasha, si osokonoi. Kwenye unga utajuaje, wakati pilipili kidogo inatosha kuwashisha maganda yoyote? Mueri, ule wa tezi dume, gome bichi ukilikwaruza linanuka lozi chungu. Lisage, lianike juani, likae mezani miezi sita, hapo hata fundi hawezi kukwambia ni nini.

Halafu unyevu. Gome lililokauka likivunjwa linalia kach, likipinda, bado. Wao wanasaga linapinda hivyohivyo, wanafunga kwenye nailoni, masika yakiingia unga unashikana mabonge. Wanachekecha, wanauza tena. Mabonge yale ni unyevu, penye unyevu huota ukungu, na penye ukungu huenda pana sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Kiloriti, gome la mgunga, ndiyo inayoharibiwa kuliko zote. Hii ni ya kuchemsha, si ya kukoroga kwenye uji. Kipande cha urefu wa kidole, maji lita moja, moto mdogo dakika 15 hadi 20; maji yakishakuwa mekundu, toa gome. Ukikoroga unga unameza na makapi, na tanini yake yote (ile kitu chungu cha kukaza ulimi) inakaza tumbo. Siku tatu huoni choo, unarudi kwa muuzaji, anakupa unga mwingine wa kulainisha ambao ndani yake ni shubiri! Shubiri ni utomvu wa njano wa mshubiri, mjamzito hatakiwi kuunywa kabisa, na mtu mzima akiuzoea unamkausha potasiamu. Nani kaandika hayo kwenye kifuko?

(Kiloriti usiipikie chungu cha chuma. Tanini ikikutana na chuma maji yanakuwa meusi kama wino. Na ndiyo maana anayetumia vidonge vya kuongeza damu asiinywe pamoja navyo: madini ya chuma yananaswa tumboni, vidonge vinapita bure.)

Unga wa "magoti na mgongo" nao ni habari nyingine. Mzizi haulambwi mkavu ukatuliza goti ndani ya nusu saa. Ukiona hivyo, shuku vidonge vya hospitali vilivyosagwa humo. Vikiwa vya maumivu, tumbo na figo ndivyo vinavyolipa. Vikiwa vya jamii ya prednisolone (dawa za steroidi), uso unavimba na sukari inapanda, na mgonjwa anasifia kwamba amenenepa.

Sasa kwa nini hawataki kuuza gome zima? Kwa sababu linawaumbua. Mueri uko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995. Utaratibu unaojulikana: mti usiofika kipenyo cha sentimita 30 hauguswi, uliofika unachunwa robo mbili za shina zinazotazamana, kisha unaachwa miaka urudishe gome. Ukizungusha panga shina zima, chakula cha majani hakishuki kwenye mizizi, mti unakufa umesimama. Gome la mti mchanga ni jembamba na laini, la mti mzima ni jeusi lenye mipasuko, kwa hiyo ukiliona tu unajua mtu kachuna nini. Na msitu wa Mlima Kilimanjaro uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu 2005. Magunia yote haya ya mueri yanatoka shamba la nani?

Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa sheria ya 2002. Namba ya usajili kwenye hivyo vifuko iko wapi?

Anayejua anakouzwa gome zima, kavu, na muuzaji anayeutaja mti bila kubabaika, aweke eneo hapa. Eneo tu, jina la mtu hapana.