Naomba ushauri: Datsun 240Z hii ni ya mwaka gani?

Salaam wandugu. Kuna mzee hapa Kizingo aniuzia Datsun 240Z, aina ile iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973. Logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, yasema 1973, lakini mlango wa nyuma una matundu mawili ya hewa chini ya kioo, na ubavuni imeandikwa 240Z, si ile Z ya duara. Hizo ni dalili za zile za mwanzomwanzo. Au mlango umetolewa gari nyingine? Nambari ya chesisi (fremu ya gari) yaanza na HS30, lakini hiyo yaonyesha usukani wa kulia tu. Kibati cha injini kimeliwa na kutu, hakisomeki. Chumvi ya bahari haina huruma. Ajuaye nambari za chesisi zilivyokwenda na miaka, tafadhali anisaidie. Mzee ang'ang'ania bei ya gari la mwanzo, na sijatoa hata shilingi.