Chaucer anamsifu Mama Mkuu au anamcheka?

msomaji_usiku: Wadau, nisaidieni. Nasoma utangulizi wa Hadithi za Canterbury za Chaucer, yule mshairi Mwingereza wa karne ya 14, pale mahujaji wanapokutana nyumba ya wageni ya Tabard, Southwark, karibu na London. Nimekwama kwa yule Mama Mkuu wa masista. Anasifiwa weee: hadondoshi tonge, anafuta mdomo mpaka kikombeni hakibaki hata tone la mafuta, akiona panya kanaswa analia. Jana nilimpenda. Leo nimerudia, naona kama nimechezewa.

fundi_chaki: Kilemba cha ukoka hicho, ndugu yangu. Chaucer anatangaza kwamba sasa atatueleza huruma ya huyu mama, halafu anataja panya na vibwa vyake, basi. Vibwa vinakula nyama choma, maziwa na mkate mweupe, katika Uingereza ya karne ya 14 ambako mkate mweupe ulikuwa wa wenye nacho. Mtafute maskini mmoja aliyemlilia, hutampata.

bint_mwalimu: Msimwonee peke yake. Mmonaki je? Mikono ya joho imetiwa manyoya ya bei mbaya, anapenda bata maji mnono, na kanuni za utawa anaona zimepitwa na wakati. Chaucer anasema: nami nikamwambia maoni yake ni mazuri! Hapo nilicheka peke yangu kwenye daladala. Ila msidhani anawaandama wakubwa tu. Mwenye kinu cha kusaga nafaka, yule wa chunjua puani lililoota nywele nyekundu, anaiba nafaka za watu. Wanaosifiwa bila kijembe ni paroko fukara na ndugu yake mkulima, aliyebeba samadi maisha yake yote.

mzee_forodha: Na yule shujaa wa vita je, bint? Naye simwoni akichekwa: ana farasi wazuri, lakini vazi lake limechafuliwa na deraya. Mimi nimekaa forodhani miaka 19, na Chaucer naye alikuwa ofisa wa forodha bandari ya London kuanzia 1374. Mtu wa forodha hasikilizi mwenye mzigo, anafungua mzigo. Ndiyo maana mfanyabiashara anaongea faida tupu, na Chaucer anatunong'oneza kuwa hakuna aliyejua ana madeni.

msomaji_usiku: Aisee. Kumbe hata Kifaransa cha Mama Mkuu ni cha Stratford-atte-Bowe, pale pale karibu na London. Cha Paris hakijui. Na mimi pembeni ya mstari huo nilikuwa nimeandika kwa kalamu: "msomi".