Nikionana na mwanamke ninayempenda mikono inatetemeka, hii dawa ya moyo nikiimeza kila mtoko kuna ubaya?

fundi_sakina

Wakuu habari za jioni. Nipo Arusha, naishi Sakina, miaka 29, kazi yangu ni ushonaji, nina cherehani mbili pale Kaloleni. Hii kitu sijawahi kumwambia mtu zaidi ya rafiki mmoja, naombeni mnisikilize.

Mikono yangu ikiwa kazini imetulia kabisa, zipu ya gauni la harusi naiweka bila kufumua mara ya pili, wateja wa kike nawapima bega mpaka kiuno na stori tunapiga vizuri tu. Ila nikishajua huyu nimekuja kukaa naye kama mtu anayenipenda na mimi nampenda, aisee moyo unaenda mbio mpaka nausikia masikioni, viganja vinalowa jasho, mdomo unakauka na maneno yanakata. Mwaka jana nlimtoa binti mmoja lunchi karibu na Mnara wa Saa, tukaagiza mtori, kijiko kikifika nusu ya njia kinamwagika, nikakiweka chini nikasema nimeshiba. Bakuli likakaa pale mpaka mtori ukashika utando juu. Akaniuliza kwani umekasirika? Nikashindwa hata kumjibu. Hakupokea simu yangu tena na simlaumu.

Sasa kuna mwingine, ni mwalimu wa chekechea Moshi, tumeongea kwenye simu miezi mitatu na huyu kiukweli sitaki kumpoteza. Juzi Jumamosi nikaenda. Rafiki yangu akanipa propranolo za mg 40, ni za mama yake anatumia kwa ajili ya moyo, nikameza moja Coaster ilipokua inapita Boma Ng'ombe. Kufika stendi Moshi nikaangalia mkono, umetulia kama nipo kwenye cherehani. Nlikunywa chai mbele yake kikombe kizima. Nilitamani kulia.

Amenialika tena, safari hii kwa dada yake Pasua. Maswali yangu, je nikimeza kila nikienda kumuona kuna ubaya, nitaizoea? Na je nimwambie au ninyamaze? Kitu kingine tu, usiku ule wakati narudi kifua kilinibana kidogo nikajua ni vumbi, maana mimi nlikua na pumu utotoni na sa hivi inanishika mara moja moja baridi ya mwezi wa 7.

nesi_wa_Rau

Mdogo wangu pole, na naomba usimeze kingine kabla hujamaliza kusoma hapa. Umeiweka pumu mstari wa mwisho wakati ndo ilitakiwa iwe ya kwanza.

Propranolo inazuia adrenalini, ile homoni inayokimbiza moyo ukiogopa, isifanye kazi yake, ndo maana moyo ulitulia na mkono ukaacha kutetemeka. Lakini haichagui moyo peke yake, inagusa mpaka mapafu. Mtu mwenye pumu njia zake za hewa zinaweza kubana, na ubaya zaidi ile dawa ya kupuliza ya salbutamo inafanya kazi palepale ambapo propranolo imeshaziba, kwa hiyo unaweza kupuliza na usipate nafuu haraka. Kifua chako usiku ule usikisingizie vumbi. Kidonge kimoja kinaweza kumletea mtu wa pumu shida, hata kama pumu yenyewe imelala miaka.

Wengine mnaosoma pia, ukiwa na kisukari unayechoma insulini hii dawa inaficha dalili za sukari kushuka, ule mtetemeko na mapigo ya haraka ambavyo vinakuambia kula kitu huvioni. Na mwenye mapigo ya polepole au presha ya kushuka asiiguse bila daktari.

Jingine, mama wa rafiki yako. Mgonjwa wa moyo anayeitumia kila siku hatakiwi kuikatisha ghafla, moyo unaweza kumgeukia vibaya sana. Vidonge anavyokupa rafiki yako vinatoka kwenye hesabu ya mama yake. Virudishe vyote.

Kuhusu kuizoea, haileti uraibu kama zile za usingizi. Ila ilitengenezwa miaka ya 1960 na Mskoti James Black kwa ajili ya wagonjwa wa moyo, na mwaka 1988 akapata Nobel ya tiba. Inatuliza mwili tu, yale mawazo ya "atanionaje" inayaacha kichwani. Ndo maana inamsaidia zaidi mtu mwenye jambo la saa moja, mfano anaenda kuhutubia, kuliko mtu anayetaka kujenga uhusiano. Hapo Arusha nenda hospitali ya Mount Meru, ulizia huduma ya afya ya akili, waambie kila kitu na pumu uitaje mwanzo.

mangi_kiborloni

Chalii yangu pole. Mi bila ubaya wowote nakushauri acha vidonge, kunywa bia mbili kabla hujaenda, ndo nlivyompata mke wangu na tuna watoto wawili.

nesi_wa_Rau

Kaka nakuheshimu ila hapana. Pombe inatuliza jioni, kesho yake wasiwasi unarudi mkubwa zaidi, na mtu mwenye hofu kama hii ndo anajikuta hawezi kuonana na mtu bila chupa.

chalii_ngarenaro

Naongezea kwa mangi kwa sababu mi niliungua hapo. Mi nlikua natumia diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi inayoleta usingizi, nlikua nanunua kienyeji bila cheti. Mtoko wa kwanza safi, wa tano kimoja hakitoshi nikawa nameza viwili, siku moja nikachanganya na bia tatu. Nasimuliwa tu kwamba nililala mezani na yule dada alishindwa kuniamsha, akalia akidhani nimekufa, akaita bodaboda na mhudumu wakanibeba. Mimi sikumbuki chochote. Kuacha ilinichukua miezi na daktari alinipunguzia kidogo kidogo, nilikua silali. Diazepam na pombe vyote vinapunguza pumzi, tafadhali mtu asijaribu.

dada_shanti

Fundi, mimi ni mwanamke nipo Moshi na hii hali yako naijua mpaka harufu yake. Yangu ilikua hata kwenye simu, mtu akiniandikia "tuonane" naanza kuharisha. Nilikataa wanaume wazuri watatu, siyo kwamba siwapendi, nlikua naogopa ile dakika ya kukaa na kutazamwa.

Nilienda hospitali nikidhani nina ugonjwa wa moyo, nikapimwa, moyo ni mzima kabisa, daktari ndo akaniuliza kwani inatokea lini? Nikalia palepale. Akaniambia ni hofu ya watu, ina jina na ina tiba. Akanianzishia setralini, dawa ya sonona na hofu ya kumeza kila siku, mg 25, baada ya wiki moja akapandisha mg 50. Sasa sikilizeni kwa sababu wengi wanaacha hapa, wiki mbili za kwanza nilikua na kichefuchefu, usingizi hakuna na wasiwasi ndo ukazidi, nikataka kuzitupa. Daktari alikua ameshaniambia hivo ndo nikavumilia. Wiki ya tano nilikua Mbuyuni sokoni nabishana bei ya ndizi na mama mmoja kwa sauti, watu wanatuangalia, nikashtuka hee, mbona siogopi.

Lakini dawa peke yake isingenifikisha. Kulikua na dada wa saikolojia ananipa kazi kila wiki, anza kumuuliza mtu usiyemjua saa, wiki nyingine kula hadharani peke yako, wiki nyingine ingia dukani uliza bei uondoke bila kununua, mwisho kabisa mtoko. Na kila mara ananiambia usiondoke mpaka hofu ishuke yenyewe, kwa sababu ukikimbia ikiwa juu mwili unajifunza kwamba kweli palikua na hatari. Hiyo ilinisaidia zaidi ya maombi na ushauri wote wa "jiamini".

Nisikufiche kitu, setralini ilinipunguzia hamu ya tendo, na wanaume wengine wanachelewa kufika. Nlimwambia mwenzangu mapema asije akadhani simtaki. Nilitumia miezi 14, nikaacha kwa kupunguza taratibu na daktari anajua, usikate siku moja.

Kwa hiyo swali lako la mwisho, mwambie. Huyo binti wa mtori hakuondoka kwa sababu mkono unatetemeka, aliondoka kwa sababu alidhani umemkasirikia. Sisi wanawake tukikaa kimya na mtu aliyekunja uso tunajaza wenyewe, na tunajaza vibaya.

fundi_sakina

Narudi wakuu, samahani nimekaa kimya wiki tatu.

Nilienda hospitali. Daktari akanisikiliza kifua, akanipulizisha kile kipimo, pumu bado ipo. Akanipa dawa ya kupuliza na kusema propranolo kwangu ni marufuku mpaka mwisho. Setralini tumeongea, amenipa mwezi mmoja nianze na mazoezi kama ya dada_shanti halafu tuone. Nimeshakula wali maharage peke yangu Kilombero meza ya katikati, mkono ulitetemeka karibu dakika kumi ukaja ukatulia wenyewe.

Jumamosi nikaenda Pasua bila kumeza kitu. Nilimwambia kabla, kwenye simu, kwa sababu ana kwa ana ningekwama. Akaniuliza tu, huwa inakushika zaidi ukifanya nini? Nikamwambia kushika kikombe.

Nilipofika dada yake akatenga chai, yeye akachukua birika akanimiminia nusu kikombe. Akasema darasani watoto wanaoogopa kumwaga uji huwa anawawekea nusu. Mkono ulitetemeka jamani, sana tu, lakini haikumwagika. Nikamaliza, akaongeza nusu nyingine bila kusimamisha stori aliyokua anapiga.

Vidonge nimeshavirudisha. Mama wa rafiki yangu alikua amebakiza vya siku nne.